Kinywaji cha Mwenyeji: Mwongozo kwa Msafiri wa Isiolo na Kwingineko

Mgeni anayepita mashambani mwa Normandy, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, hutafuta calvados, pombe kali inayotokana na matufaha. Jina hilo limelindwa na sheria tangu 1942, na pombe iliyotengenezwa nje ya eneo lake haiwezi kuuzwa kwa jina hilo. Watu hutoka ng'ambo wakafika hadi kwenye ghala la mkulima ili waionje pale pale inapotengenezwa. Huku kwetu mambo ni kinyume. Mtu hutoka Nairobi kuja Isiolo kutazama punda milia wa Grevy, akalala siku mbili tatu, kisha akarudi akiwa amekunywa soda na bia zile zile zinazouzwa mtaani kwao.

Anakosa mengi. Kuanzia Isiolo hadi Meru, kutoka magharibi mwa Kenya hadi pwani, kila jamii ina kinywaji chake kilichotokana na mifugo yake, nyuki wake au mazao yake. Tena wapo wanaojitosa kuonja bila kuuliza lolote, wakapata madhara makubwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wote wawili, anayeogopa kila kitu na asiyeogopa chochote.

Kanuni ni rahisi. Kabla ya kuinua kikombe, pata majibu ya maswali matatu: nani amekitengeneza kinywaji hiki, kimetokana na nini, na kilitengenezwa lini? Mwenyeji mwaminifu atakujibu yote bila kusita, na mara nyingi atakuonyesha na chungu chenyewe. Swali moja likikosa jibu, weka kikombe chini.

Isiolo: anza na maziwa

Isiolo ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya A2 kutoka Nairobi hupitia Nanyuki, ikateremka hadi hapa, kisha ikaendelea kwenda Marsabit na Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanaishi pamoja hapa, na wakazi wengi ni Waislamu. Ndiyo maana fahari ya mji huu haimo katika chupa ya pombe. Imo katika maziwa ya ngamia.

Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4 kwa hesabu ya sensa ya 2019, na Isiolo ni mojawapo ya vituo vikuu vya biashara ya maziwa yao. Maziwa hutoka malishoni alfajiri, yakafikishwa mjini kwa pikipiki na magari ya mizigo. Akina mama, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, huyapokea, huyakagua, huyapoza, kisha huyapakia kwenye mabasi yanayokwenda Nairobi. Mengi huishia mtaa wa Eastleigh. Basi likichelewa, hasara ni ya mama huyo, kwa sababu maziwa hayangoji.

Jambo la kwanza utakalolihisi ukionja ni moshi. Usidhani maziwa yameungua. Chombo kikishaoshwa, mama huchoma kijiti cha mti mgumu mpaka ncha igeuke kaa jekundu, akakiingiza ndani, akafunika mdomo na kukitikisa chombo ili moshi uenee kila pembe. Kisha hutoa makaa, akapangusa majivu, ndipo akamimina maziwa. Moshi ule hupunguza vijidudu, huchelewesha kuchacha na huyapa maziwa ladha yake. Wafugaji hawatumii mti wowote tu. Kila jamii ina miti inayoipenda, na wazee wengine hutambua mti uliotumika kwa kunusa tu.

Ukitaka maziwa yaliyochacha, omba susa. Maziwa ya ngamia hayagandi mazito kama ya ng'ombe, kwa hiyo susa ni nyepesi, chachu, na hukata kiu vizuri kwenye joto la adhuhuri. Kwa Waborana uliza itittu, maziwa ya ng'ombe yaliyochachushwa na kuondolewa maji yake mpaka yakawa mazito, ambayo kwa desturi huhifadhiwa katika gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea. Ukibahatika kualikwa nyumbani kwenye shughuli, huenda ukakirimiwa buna qalaa: buni nzima zenye maganda, zilizokaangwa katika siagi na kuongezwa maziwa. Hutolewa pamoja na dua na baraka. Usiikatae, ukikirimiwa buna qalaa umepewa heshima kubwa.

Kwa asiye na mwenyeji, mkahawa wowote wa Kisomali mjini utampa chai ya maziwa iliyotiwa iliki, mdalasini na tangawizi. Uliza kama ipo ya maziwa ya ngamia.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima. Maziwa mabichi ya mifugo yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosisi, ugonjwa unaoleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi, na ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Shirika la Afya Duniani pia linashauri watu wasinywe maziwa mabichi ya ngamia kwa sababu ya virusi vya MERS, na virusi hivyo vimegunduliwa katika ngamia wa kaskazini mwa Kenya. Moshi na uchachu haviwezi kuchukua nafasi ya kuchemsha. Kwa hiyo uliza, "Mama, maziwa haya yamechemshwa?" Swali hilo halimuudhi mtu, wauzaji wamelizoea. Mara ya kwanza kunywa kikombe kidogo tu, maana maziwa ya ngamia huendesha tumbo la asiyeyazoea.

Pombe za kuchachua: asali, nafaka na mnazi

Ukitoka Isiolo kuelekea Meru, umbali wa kilomita 50 hivi, barabara inapanda na hewa inageuka. Unaacha nchi ya ngamia unaingia nchi ya mashamba na mizinga ya nyuki. Hapo ndipo habari ya pombe za kienyeji inapoanza.

Pombe ya asali ni ndugu mmoja mwenye majina mengi katika Kenya ya kati na mashariki. Wakikuyu huiita muratina, Wakamba kaluvu. Siri yake imo katika tunda la mvungunya, mti ule unaoning'iniza matunda marefu mazito. Tunda hupasuliwa, hukaushwa, kisha hutiwa katika asali iliyochanganywa na maji, au katika maji ya miwa. Hamira ya asili hukaa ndani ya nyuzi zake. Chombo huwekwa karibu na meko kipate joto, na pombe ikiwa tayari tunda hutolewa, likaanikwa juani, likatumika tena na tena. Wamaasai na Wasamburu nao wana pombe ya asali ya wazee. Wamaasai huichachusha kwa mizizi ya mshubiri.

Muratina ina mahali pake. Ni pombe ya ruracio, yaani ya kutoa mahari, ya kupatanisha na ya kubariki. Kwa desturi mzee humwaga kidogo chini kabla ya kunywa, na vijana hawakuruhusiwa kuigusa. Ukialikwa kwenye sherehe, pokea kwa mikono miwili, onja, shukuru. Ukiikuta inauzwa kando ya barabara katika mtungi wa plastiki usiojulikana ulikotoka, hiyo imebeba jina tu. Walaghai huweka sukari mahali pa asali na kemikali mahali pa muda.

Busaa ni ya nafaka. Asili yake ni magharibi mwa Kenya, lakini imesafiri na watu hadi miji ya kaskazini, na leo Waturkana wengi wanaipika. Unga wa mahindi hulowekwa kwa maji kidogo, ukafungwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana lenye moto chini, mwanamke akigeuza bila kupumzika mpaka madonge yawe ya kahawia na nyumba nzima inukie. Madonge hayo hutiwa maji na kimea cha wimbi, yakakaa siku nyingine mbili au tatu, ndipo pombe ikachujwa. Busaa nzuri ni nzito, chachu kidogo, na huwa na nguvu ya kadiri. Waluhya na Wateso huinywa wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Desturi hiyo ina raha yake, ila ukiwa na kikohozi au kidonda mdomoni, omba kikombe chako.

Pwani ni mnazi. Wagema wa Kilifi, hasa Kaloleni na Rabai, hupanda minazi asubuhi na jioni, wakachonga kwa kotama ncha ya kikonyo cha maua ambacho hakijafunguka, na kuning'iniza kibuyu chini yake. Utomvu huanza kuchachuka humo humo kibuyuni. Unaotoka mtini asubuhi huwa mtamu. Ukifika jioni umekuwa mkali. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hiyo mnazi hunywewa karibu na mnazi wake. Aliyekuuzia "mnazi safi" Isiolo, umbali wa siku nzima ya safari, amekuuzia kitu kingine. Na wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maji hayo yakiwa machafu, ni njia ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Zote hizi zina tabia moja: hazikai. Pombe ya kuchachua ya kienyeji ni ya siku chache, na msafiri mwerevu huinywa kwao, ikiwa mpya, kwa kiasi.

Pombe kali: hapa usibahatishe

Kuchachua hutoa pombe ya kadiri. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe hiyo na kuukusanya mvuke wake uliopoa, hutoa pombe kali. Ndivyo calvados inavyotengenezwa, na ndivyo chang'aa inavyotengenezwa. Tofauti kubwa iko katika usimamizi. Mkenekaji wa Normandy hukaguliwa. Mpishi wa chang'aa hujificha mtoni usiku.

Chang'aa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1980, na marufuku yakaisukuma gizani. Mwaka 2010, Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, ilifuta marufuku hayo kwa masharti: mtengenezaji awe na leseni, kinywaji kifungwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, na kiwe na lebo inayoonyesha kiwango cha kileo na onyo la afya. Chang'aa inayouzwa kwa glasi kutoka kwenye mtungi wa plastiki haijatimiza hata sharti moja. Ni haramu kisheria, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kilichomo.

Kilichomo ndilo jambo lenyewe. Muuaji mkubwa ni methanoli, kemikali ya viwandani inayofanana na kileo cha kawaida kwa rangi na kukaribiana nacho kwa harufu. Wafanyabiashara wakatili huiongeza ili kinywaji "kishike" haraka kwa gharama ndogo. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao wakiwa wakazi wa Mukuru, na wengine wakapofuka. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika Embu, Kiambu, Kitui na kaunti nyingine kwa juma moja. Februari 2024, watu 17 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Waliokufa hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji waliomwamini muuzaji waliyemzoea.

Usidanganyike na vipimo vya mtaani. Kuwasha kinywaji na kutazama rangi ya moto, kukinusa, au kukitia kitambaa, hakuna hata kimoja kinachotambua methanoli kwa uhakika. Kipimo ni maabara. Kwa hiyo ushauri wangu kwa msafiri ni mmoja: pombe kali usiinywe isipokuwa imetoka kwenye chupa iliyofungwa, yenye lebo na stempu ya ushuru, ikafunguliwa mbele ya macho yako, kwenye duka au baa yenye leseni.

Dalili za sumu na la kufanya

Methanoli haiui papo hapo. Mtu anaweza kulala akidhani amelewa tu, dalili zikaanza saa 12 hadi 24 baadaye. Angalia haya:

Kuona ukungu, kuona vitu vyeupe mno, au kupoteza macho ghafla.

Kichwa kuuma sana, kizunguzungu, kutapika na tumbo kukaza.

Kupumua haraka haraka, kuchanganyikiwa, kutetemeka au kuzimia.

Ukiona dalili hizo kwako au kwa mwenzako, kimbilia hospitali kubwa mara moja. Mjini Isiolo ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Sema wazi mlichokunywa na saa mliyokunywa, na kama kimebaki, beba kidogo kipimwe. Usione haya, daktari hakuja kukushtaki. Tiba ipo, ikiwemo dawa ya kuzuia sumu na kusafisha damu kwa mashine, lakini kila saa inayopita inachukua macho na maisha. Usimpe mgonjwa maziwa wala maji ya chumvi ili atapike. Waite na wengine mliokunywa nao, hata wanaojiona wazima, wakapimwe pia.

Sheria na adabu

Kileo kisiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa sheria ya 2010, baa za kawaida hufunguliwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Leseni hutolewa na kaunti, na mahitaji ya ziada hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine, kwa hiyo uliza kabla hujabeba katoni kuipeleka kwa rafiki.

Isiolo ina baa, na asiye Mwislamu hazuiwi kunywa. Lakini mji una heshima yake. Usitembee na chupa mkononi barabarani. Usimwombe dereva au mwongozaji aliye Mwislamu akakununulie bia; unamweka pabaya mbele ya dini yake. Wakati wa Ramadhani, usile wala usinywe hadharani mchana, hata maji. Magharibi ikifika mambo hugeuka, na mgeni aliyetulia hukaribishwa futari.

Usipige picha ya mama anayeuza maziwa au anayepika busaa kabla ya kumwomba. Wapo wanaoishi kwa hofu ya msako, na picha yako inaweza kumgharimu riziki. Bei usiishushe mpaka imuumize. Mkiwa wageni kadhaa, nunueni kwa mama mmoja mmoja, kila mmoja apate kidogo.

Na ukiwa na gari, usinywe. Barabara kutoka Isiolo kwenda Archer's Post na Marsabit ni lami nzuri inayoshawishi mwendo wa kasi, na usiku ngamia na mbuzi hulala au huvuka juu yake. Ngamia ni mrefu. Ukimgonga miguu, mwili huja kwenye kioo.

Ukivuka mpaka

Maswali yale matatu hufanya kazi popote. Kilimanjaro utakuta mbege ya Wachagga, ya ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi, iliyotiwa gome la msesewa kwa ajili ya uchungu. Iringa na Njombe, msimu wa mvua, ni ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa kwa kukata chipukizi. Uganda wana tonto, ndizi zilizoiva zilizokanyagwa pamoja na nyasi na kuchachushwa kwa mtama uliokaangwa.

Uganda pia inatoa funzo. Sheria ya Enguli ya 1965 ilitaka pombe kali ya vijijini ipitie kiwanda chenye leseni, na huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi inayouzwa leo kwa chupa. Hata hivyo waragi ya vichakani haikutoweka, nayo ina hatari ile ile ya chang'aa, kama ilivyo gongo ya Tanzania. Vifuko vidogo vya pombe kali, vile Watanzania walivyoviita viroba, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, Uganda ikafuata 2019, nayo Kenya ilikwisha kuvikataza katika sheria ya 2010. Ukivikuta bado vinauzwa, ujue muuzaji hana cha kupoteza. Usinunue.

Mambo ya kubeba kichwani

Nunua kwa aliyetengeneza au kwa aliye na leseni. Maziwa yawe yamechemshwa. Pombe ya kuchachua iwe mpya na iwe kwao. Pombe kali iwe ya chupa iliyofungwa, au iache kabisa. Mjamzito, mtoto, mwenye ugonjwa wa ini na anayetumia dawa zinazogombana na kileo wabaki na chai. Asiyekunywa pombe asijione amekosa safari. Kwa Isiolo, yeye ndiye aliye karibu zaidi na kinywaji cha mji.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa kaunti na wa vyama vya ushirika. Wafaransa hawakulipa jina calvados thamani kwa maneno; waliliwekea mipaka, ukaguzi na lebo. Maziwa ya ngamia ya Isiolo yanastahili hivyo hivyo: vipoza maziwa vinavyofanya kazi, maabara ya kupima, na jina linalolindwa, ili mama anayepakia mitungi kwenye basi la Nairobi alipwe kwa ubora wake. Nawe msafiri, siku utakapopita hapa, usiagize soda. Uliza susa, uliza nani kaitengeneza, lipa bei yake, na ukifika nyumbani uwaambie wengine ni ya Isiolo.